Kitambaa Juu ya Kompyuta

Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya tena.

Bibi Mwanawetu alikuwa amekwisha kutawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, maji bado yanamchuruzika viwikoni, alipoisikia sauti hiyo ikitoka sebuleni. Kwanza alidhani ni mjusi. Kisha akadhani ni bomba la jikoni, maana lina tabia zake. Akaswali kwanza. Alipotoa salamu ya mwisho, sauti ilikuwa ingalipo, nayo ilikuwa na utaratibu: inagonga, inanyamaza kana kwamba inasikiliza kama kuna mtu wa kuifungulia, halafu inagonga tena.

Aliifuata polepole mpaka pembeni mwa sebule. Ilitoka chini ya kitambaa.

Kitambaa hicho alikifuma mwenyewe kwa uzi mzito wa rangi ya maziwa, akakitia na bitana ya satini. Barabara ya mbele ya nyumba yao pale Kawempe, Kampala, ilikuwa inachimbwa, malori ya mchanga yanapita mchana kutwa, na vumbi linaingia hata kwenye sukari. Katika nyumba yake kila kitu cha thamani kilifunikwa: televisheni, redio, mtungi wa maji ya kunywa. Ndiyo sababu kila usiku, mjukuu wake Taqwa akienda kulala, Bibi alipita na kuifunika kompyuta pia, kwa huruma ileile ya mtu anayemvutia mtoto shuka mpaka mabegani.

Jana aliifunika kama kawaida. Ila jana taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, na yeye hakuuliza.

Alipoinua kitambaa, hewa ya moto ilimpiga usoni kama aliyefunua sufuria ya wali.

Taqwa alipoamshwa alikuja na miguu mitupu, akaitazama skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza, akaizima mashine kwa kuchomoa waya ukutani. Halafu akakaa sakafuni. Binti huyu alipiga picha za video za harusi. Ndiyo kazi iliyowalisha wote wawili. Usiku ule aliiacha kompyuta ikifanya kazi peke yake, ikiunganisha vipande vya harusi ya Acan, jirani yao wa zamani aliyehamia Ntinda. Sasa diski iliyohifadhi vipande vyote ndiyo hiyo iliyokuwa inagonga. Kadi za kamera alikwisha kuzifuta kwa ajili ya harusi nyingine.

Bibi aliuliza kama harusi haiwezi kuokotwa kwenye simu za wageni. Taqwa akasema harusi labda, vipande vipande. Kisichookoteka ni nyanya yake Acan.

Hapo Bibi akakumbuka. Nyanya huyo alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri kutoka Gulu kuja harusini. Acan alimtuma Taqwa na kamera yake akampige video akiwa nyumbani kwake, atoe baraka zake, ziwekwe mwanzoni mwa video ya harusi. Taqwa alikwenda, akalala huko, akarudi na kuku mzima aliyepewa zawadi. Juma lililofuata ugonjwa ulimzidi mzee na ulimi wake ukafungika. Anaishi, anatabasamu, anashika mikono ya watu, lakini hasemi tena. Sauti yake ilikuwa ndani ya ile diski, na haikuwa kwingine kokote.

Taqwa alisema atamwambia Acan kwamba kazi imechelewa kidogo. Bibi hakumgombeza. Alimwekea chai ya tangawizi mbele yake, akangoja aimalize, kisha akamwambia ampigie Acan amwambie ukweli wote, na ampigie fundi pia. Taqwa akapiga simu zote mbili. Ya Acan ilikuwa fupi; alisema anakuja.

Fundi alikuwa Katembo, Mkongo wa Butembo, mwenye kibanda cha kompyuta pale Kamwokya. Alifika asubuhi hiyohiyo, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, na jambo la kwanza Bibi aliloliona ni kwamba alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavipanga pua zikitazama nje.

Aliifungua kompyuta kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akachomoa diski: kisanduku cha bati, kizito kuliko kinavyoonekana. Akakishika kiganjani kama mtu anayepima joto la mtoto.

“Iko mugonjwa, Mama,” alimwambia Bibi. “Lakini haiyakufa. Kila mara tukiiamusha, tunakula siku zake. Kwa hiyo tuiache ipumzike kwanza.”

Aliiweka kwenye sakafu ya saruji, kwenye ubaridi wa nyuma ya mlango. Bibi akauliza kama aitie kwenye friji, karibu na samaki. Katembo akacheka, lakini si cheko la kumcheka mtu. Alisema wako mafundi wanaofanya hivyo, na diski hutoka huko imejaa jasho la baridi, ikafa maji.

Bibi alisogeza kigoda chake karibu. Alikuwa na maswali. Kitu kinachotunza sauti ya mtu kikoje kwa ndani? Na kwa nini kigonge? Katembo hakutaka kuifungua ile ya Taqwa, akasema vumbi moja tu likiingia imekwisha, lakini mfukoni mwa begi lake alikuwa na nyingine iliyokufa zamani, isiyo na kifuniko. Akampa aishike. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kuliko kioo, Bibi akajiona uso wake wote na ukingo wa ushungi. Juu ya sahani kulikuwa na mkono mwembamba wenye ncha.

“Kama santuri,” alisema Bibi. Baba yake aliwahi kuwa na santuri dukani, na sindano yake haikuruhusiwa kuguswa na mtoto.

Katembo akasema ni hivyohivyo, ila mkono huu haugusi sahani, unaelea juu yake. Ukikosa njia unarudi kwao, unajaribu tena, unarudi tena. Kule kurudi ndiko kunakogonga.

Bibi aliigeuza sahani kwenye mwanga. Aliinamisha kichwa, akauliza lile alilokuwa amelizunguka tangu alfajiri: ni nini huziua?

Katembo akataja umeme unaokatika na kurudi, uzee, kuanguka. Na joto, akasema mwishoni. Macho yake yakapita juu ya kitambaa kilichokuwa kwenye mkono wa kiti. Akakiangalia kidogo, bitana yake na nakshi zake, akakikunja vizuri pembe kwa pembe na kukiweka juu ya televisheni.

“Hii kazi ni ya mukono?” akauliza. “Ni safi. Mashine inapumua kwa mugongo wake, Mama, ndiyo maana naiweka mbali kidogo.”

Bibi alielewa kila kitu, na alielewa pia kwamba kijana huyu alikuwa amechagua maneno yake kama anayechambua mchele.

Diski mpya aliyoitoa Katembo kwenye boksi ilikuwa nyembamba kama biskuti na nyepesi kama maganda ya vitunguu. Haikuwa na sahani wala mkono wala kitu chochote kinachozunguka. Bibi aliitikisa sikioni, asisikie lolote, akashangaa kwamba hiyo ndiyo bora. Katembo akaifunga kwa skrubu mahali pa ile ya zamani, akaeleza kwamba sasa mashine ina tumbo lakini haina akili. Lazima iingiziwe upya ule mfumo unaoiendesha, ambao mafundi huuita windo. Akachomeka flashi ndogo. Skrini ikawaka.

Kitu cha kwanza ilichouliza ni lugha. Orodha ndefu ikashuka, na Bibi, aliyesoma miaka michache tu na kusoma kwake ni kwa herufi kubwa na subira, aliona neno analolijua likipita.

“Rudi juu,” alisema. “Hapo. Si Kiswahili hicho?”

Taqwa alisema watu wote hutumia Kiingereza. Bibi akasema yeye ameishi na mashine hii miaka yote na haijawahi kumwambia neno. Taqwa, kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke, akatabasamu, akamwambia Katembo aibonyeze hiyohiyo, Kiingereza kitarudishwa baadaye. Basi mashine ikaanza kusema nao. Bibi alifuata kwa kidole hewani, akisoma kwa sauti: tafadhali subiri. Akasema imefunzwa adabu. Ikasema inaandaa vitu, kisha ikataka kujua wako nchi gani, akaijibu kwa mdomo, Uganda, kabla Katembo hajagusa kitu. Katembo alipofika kwenye sentensi ndefu akakwama, akasema Kiswahili hiki ni cha nguvu kama cha Mama, cha Butembo hakifiki huko. Bibi akamtafsiria, akajihisi mkubwa kidogo.

Wakati mstari wa buluu unatambaa kuelekea upande wa pili wa skrini, Acan akaingia.

Alikuja kwa boda, kitambaa cha kichwa kimepinda kwa upepo, na mkononi ana mfuko wa maparachichi. Bibi aliuona mfuko huo na ukamgusa: mtu amepata habari mbaya namna hii, na bado njiani amesimama kununua kitu, asiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Acan hakukaa. Alimtazama Taqwa, akauliza kwa sauti ya chini ilikuwaje.

Taqwa alifungua kinywa. Bibi akamtangulia.

“Ni mimi, mwanangu. Ilikuwa inafanya kazi yako, mimi nikaifunika ilale. Nilidhani naikinga na vumbi. Nimeipikia ndani ya kitambaa.”

Taqwa aligeuka kumtazama; hakuwa amejua. Baba yake Acan alikuwa askari, Acan alikulia kambini, na watu walimjua kwa ulimi mkali. Lakini alikaa kwenye ukingo wa kiti na kuweka maparachichi sakafuni, moja moja, kama anayatafutia mahali.

“Bibi,” alisema, “hata mimi mama yangu anafunika friji.”

Basi Katembo akawaeleza. Mashine ilikuwa tayari. Sasa ataiunganisha diski ya zamani kwa kebo ya nje na kuiamsha mara moja. Hajui itakaa macho kwa muda gani. Huenda ikatoa yote, huenda ikatoa kidogo na kuzimika kabisa. Kwa hiyo wachague kitu cha kutangulia. Taqwa akauliza kama waanze na kiapo, ukumbi, kukata keki, maana ndiyo harusi yenyewe.

“Nyanya kwanza,” alisema Acan. “Keki watu walikula. Ilikwisha.”

Katembo akaitoa diski nyuma ya mlango. Akaichomeka. Bibi alisikia inaanza kuzunguka, mlio mwembamba kama wa nzi mbali, kisha tik. Acan akafumba macho. Tik. Kimya. Halafu mlio ukanyooka, na kwenye skrini likatokea jina la folda moja, Gulu, Taqwa akaikokota kuitia kwenye diski mpya. Mstari mwingine ukaanza kutambaa. Ulisimama katikati, Katembo akainua kiganja kuwazuia wasiguse kitu. Ukasonga. Ukasimama. Ukasonga mpaka mwisho.

Wakajaribu na harusi. Diski ikatoa kiapo na kipande cha ngoma, ikagonga mara kadhaa kwa haraka, ikanyamaza, na haikuamka tena. Katembo akaichomoa kwa upole na kuilaza juu ya meza. Acan alisema za ukumbini ataziomba kwa wageni. Kisha akasema, fungua.

Mwanamke mzee mwembamba alitokea kwenye skrini, amekaa juu ya mkeka kwenye kivuli cha nyumba yake, kuku wanapita nyuma. Aliongea Kiacholi, polepole, mkono mmoja ukipanda na kushuka. Bibi Mwanawetu hakuelewa neno, lakini alielewa ule mkono. Acan alilia bila sauti, akawatafsiria kidogokidogo: anambariki yeye na mumewe, anataja wafu wa ukoo kwa majina, anaombea watoto, anaombea hata gari litakalowabeba maharusi. Kisha mzee akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye kamera, akasema jambo refu huku akicheka, meno machache yakionekana.

Acan akacheka na machozi yake. Taqwa akamwuliza nyanya alisema nini pale, maana siku ile yeye aliitikia tu kwa kichwa.

“Ni wewe anakuambia,” Acan alisema. “Anasema, wewe mtoto wa Kampala, umelala kwangu usiku mmoja tu na umekula kama ndege. Hiyo si kutembelea. Utarudi lini, ukae?”