Viwili kwa Kila Kichwa

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na saba Machi, mwaka 1976, asubuhi ile mwenyekiti Isihaka alipofungua kopo la dawa mbele ya ofisi ya kijiji na kuwaambia watu wapange foleni.

Ndivyo mzee Mhina alivyokuwa akianza kila alipopata wa kumsikiliza, na wasikilizaji wakazidi kupungua. Kijiji chenyewe kilikuwa cha kuhamiwa, ndani kidogo ya barabara ya Mkata. Watu waling'olewa kwenye mihogo yao wakapangwa mistari kama mahindi, wakaahidiwa bomba. Bomba lilikuja, maji hayakuja. Watu wakanywa ya dimbwini, wakaharisha. Ndipo likaletwa kopo la rangi mbili, vile vidonge vyekundu na njano, kwa ajili ya waliozidiwa, pamoja na karatasi: mgonjwa ameze vinne kwa siku, siku saba.

Isihaka akagawa viwili kwa kila kichwa, mzima na mgonjwa sawasawa. Zamda, mkewe Mhina, akameza kimoja na cha pili akakifunga kwenye pindo la kanga, kiwe akiba. Mhina naye akameza kimoja, cha pili akakipasua akanyunyiza unga wake kwenye kidonda cha jembe. Kila nyumba ilifanya hivyo, na kila kopo lilipokuja mgao ukawa uleule.

Mwaka wa pili Zamda akaanza kupauka. Hospitalini Korogwe wakasema uboho ndani ya mifupa yake umechoka kutengeneza damu. Mhina akalazwa kitandani akatolewa chupa nzima ya damu, akampa mkewe, na kwa siku kadhaa midomo ya Zamda ikarudi rangi. Kisha ikaja homa. Sindano zikafuatana, homa wala haikutikisika. Muuguzi Filomena, mwanamke wa Kwashemshi asiye na maneno mengi, alimkalisha Mhina kwenye benchi akamweleza. Tumboni mwa Zamda mlikuwa na vijidudu vya siku nyingi, vimetulia bila kumuudhi. Damu ilipoishiwa askari, vikavuka vikaingia mwilini, na dawa zote zilizokuwapo vilikwisha kuzizoea.

Zamda alikufa Ijumaa.

Baada ya arobaini Mhina alimwendea Isihaka, akamkuta anapukuchua mahindi. Hakusubiri kukaribishwa. Alimwambia kopo lake ndilo lililofundisha vijidudu kuishi na dawa, na kwa hiyo yeye ndiye aliyemuua Zamda.

Isihaka aliendelea kupukuchua. "Mhina, nani alisimama kwenye foleni akasema mgonjwa kupewa ishirini na vinane na mzima akakosa si ujamaa, ni upendeleo?"

"Mimi. Lakini mimi si mwenyekiti. Mimi nikisema upumbavu, wewe una karatasi mkononi."

"Nilikuwa nayo. Nilipoikunja, ukanipigia makofi."

Mhina aliondoka bila kuaga. Njiani akakumbuka lile ombi la Filomena alilolikataa kwa aibu: alete choo chake ndani ya kiberiti kitupu, wajue kama na yeye anabeba vijidudu hivyo. Sasa akaona afadhali apeleke. Akionekana safi, basi Zamda alivipata kwa makosa ya wakubwa wa kijiji, hakuvipata nyumbani.

Akapanda basi, kiberiti kimefungwa kwenye kitambaa mfukoni mwa koti, na bado kona zake zilijichora. Abiria wa pembeni akatoa sigara.

"Mzee, nisaidie njiti."

"Hakina njiti."

"Sasa kiberiti kisicho na njiti unakipeleka wapi?"

"Hospitali."

Yule bwana akamtazama, akaitazama sigara yake, akairudisha kwenye pakiti. Zamda angelicheka mpaka akajifuta machozi. Mhina akageukia dirishani, kwa kuwa hakuwa na wa kumhadithia.

Majibu yalichukua wiki nne. Filomena alimwamkia, akaifungua karatasi.

"Ni wadudu walewale, baba. Lakini wewe si mgonjwa. Damu yako ina nguvu, wanakaa tu. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kugusa chakula, usimeze dawa za kubahatisha. Huenda wakaondoka wenyewe."

Mhina aliinama kuitazama karatasi. "Mwanangu, nilimpa mimi, au yeye ndiye aliyenipa?"

Filomena akaigeuza karatasi nyuma, kana kwamba huko kuna maneno zaidi. "Hilo haisemi, baba."

Tangu siku hiyo wanaume wakikaa kwenye sinia, wakimwita, yeye husema ameshiba. Hajira, binti yake aliyeolewa Mnyuzi, amejifungua, mtoto akaitwa Zamda. Ametuma salamu mara tatu babu aje ampakate. Babu hajaenda. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, na makopo yakija yanagawanywa vilevile. Mhina hasimami tena kwenye foleni, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Juzi alifungua pindo la kanga ya marehemu. Vidonge vitano, rangi zimefifia, vimegandana kwa jasho lake. Akaviweka kwenye bakuli la udongo, lile walimomega ugali pamoja miaka thelathini na mmoja, mkono wake upande huu na wa Zamda upande ule, mboga katikati.

Zamda, ni mkono upi uliotangulia?