Namba Iliyotulia

Lalla Rkia, kama majirani walivyomwita kwa heshima, alikuwa na tabia moja iliyomkera sana binti yake mdogo. Alikuwa akimpitia kwa nyuma, mtoto akiwa anasoma au anachana nywele, na kumpapasa shingo kuona kama ametokwa na jasho la baridi.

"Mama, mimi si tikiti la sokoni," Ibtisam humwambia akijikwepesha. "Unanigonga kuona kama nimeiva?"

"Nyamaza wewe. Tikiti halina mama."

Ibtisam alikuwa na miaka kumi na minne, na ugonjwa wa sukari ulimpata akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Baba yao alikuwa Uhispania kwenye mashamba ya nyanya zinazolimwa chini ya plastiki, akija nyumbani Kenitra, Moroko, wakati wa kiangazi tu. Kwa hiyo hofu yote ya nyumba ile ilikuwa juu ya Rkia peke yake. Mwenye mtoto anayechomwa insulini anajua ninachosema. Hata ukicheka kwa jirani, kuna sehemu ya kichwa chako imebaki nyumbani inahesabu mtoto kala nini.

Binti mkubwa, Ghizlan, alipata kazi Rabat kwenye kampuni ndogo inayohudumia wagonjwa wa sukari. Kila asubuhi alipanda treni na kila jioni alirudi. Yeye ndiye aliyemletea mdogo wake kile kidude cha kubandika mkononi, kinachopima sukari bila kutoboa kidole. Namba ilitoka mkononi kwa Ibtisam, ikaingia kwenye simu yake, kisha ikatokea kwenye simu ya mama.

"Inapita wapi mpaka inanifikia?" Rkia aliuliza siku ya kwanza, akiiangalia ile mia na kumi ya kijani kama anavyoangaliwa mtoto mchanga.

"Fikiria mfereji wa maji, Mama. Kila mgonjwa anamwaga namba zake humo, usiku na mchana, na mfereji unapeleka kila namba kwa mwenyewe. Huo mfereji si wetu, tunaukodi. Mitambo iko nchi za watu, wenyewe wanaiangalia, sisi tunapitisha tu."

"Na wakilala?"

"Hawalali."

"Basi hao ndio wenzangu," alisema Rkia.

Ila mfereji ulikuwa na ila yake. Mtandao ukikatika, namba zilisubiri, na ukirudi zilikuja zote kwa mkupuo, za zamani na za sasa. Siku moja kengele ya hatari ililia kwenye simu ya Rkia akiwa sokoni anachagua figili. Aliziacha figili juu ya mizani, akakimbia mpaka shuleni na chupa ya maji ya machungwa, akaingia darasani bila kubisha hodi, kitambaa kimemwangukia mabegani. Ibtisam alikuwa ameketi anatafuna mkate na jibini. Sukari ilishuka kweli, lakini kitambo, na alikwisha kuipandisha mwenyewe. Darasa zima lilicheka. Mtoto hakusema na mama yake mpaka siku ya pili.

"Ghizlan, waambie hao watu wako," Rkia alifoka jioni ile. "Habari iliyopitwa na wakati naitakia nini? Nataka utulivu. Nataka nikiangalia simu nione mtoto alivyo sasa hivi, basi."

Ghizlan hakusahau. Wiki chache kabla ya Ramadhani alirudi kutoka kazini uso unang'aa, hata viatu hajavua.

"Mama, ombi lako limejibiwa! Wenye mfereji wameleta mambo mapya. Sasa wenyewe wanachuja. Namba ikichelewa njiani inatupwa, haifiki kukutia wazimu. Na mtandao ukisumbua, simu yako haitakuwa tupu, itashika namba ya mwisho mpaka nyingine ije. Ofisini walitaka kungoja baada ya sikukuu, nikawaambia hapana, mama yangu atakufa na presha."

"Mungu akupe mume mwenye akili kama zako."

"Mwenye gari kwanza, Mama. Akili nitampa mimi."

Walicheka wote watatu. Na kwa kweli kuanzia siku ile nyumba ilitulia. Kengele za uongo zilikoma. Rkia aliangalia simu, akaona namba, akairudisha mfukoni mwa jelaba, kanzu yake ndefu. Mkono wake ukaacha kwenda kwenye shingo ya mtoto. Ibtisam alifurahi zaidi ya wote, akaanza hata kukaa karibu na mama yake wakitazama televisheni, jambo ambalo alikuwa ameliacha.

Ikafika ile Jumapili ya kurudisha saa nyuma. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, Moroko nzima hurudisha saa, na ikiisha huisogeza tena mbele, na kila mwaka watu hugombana kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Siku hiyo nyumba ya jirani yao, Lalla Hniya, ilijaa harufu ya ufuta na maua ya machungwa. Wanawake walikuwa wanatengeneza shebakia, vile vitamutamu vya unga vinavyosukwa, kukaangwa na kuchovywa kwenye asali, maana hakuna futari bila hivyo. Rkia alikuwa kwenye kikaango, Ghizlan anasuka, Hniya anachovya na kuonja kuliko anavyochovya.

Ibtisam alibaki nyumbani. Alisema ana mtihani, na tena atapanda darini kuanua mablanketi. Rkia alimwachia dengu na mkate mezani, akambusu, akaenda.

Kila baada ya mkaango mmoja alijifuta mikono na kuchungulia simu. Mia na kumi na mbili. Tena mia na kumi na mbili. Alimwonyesha Hniya kwa majivuno.

"Ona binti yangu leo alivyonyooka. Kama sala."

"Simu yako ina adabu kuliko mume wangu," alisema Hniya. "Haibadilishi maneno."

Kicheko. Kisha Hniya akainua macho ukutani. "Hivi ni saa ngapi? Mwana wangu anakuja kuchukua sinia lake saa tisa."

"Saa tisa mpya au ya zamani?" Ghizlan alimuuliza kwa mzaha wa kila mwaka.

"Usinichanganye, mtoto wewe. Saa yangu ya ukutani haijui mambo ya serikali, inaendelea na zake. Huyo mwana akifuata simu yake atakuja mimi nimeshamngoja saa nzima, nimeona kachelewa, nimegawa sinia kwa wengine!"

Wanawake walicheka. Ghizlan alicheka nao, halafu kicheko kikamkatikia katikati. Unga ulibaki umening'inia kwenye vidole vyake.

"Mama. Nipe simu."

"Mikono yako ina unga."

"Nipe simu, Mama! Hii namba imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi, alhamdulillahi. Si nimekwambia leo kanyooka?"

Ghizlan aligeuka rangi. Sukari ya mdogo wake haikuwahi kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kunywa chai. Rkia alilijua hilo kuliko yeyote, amelilala na kuliamka miaka yote. Lakini alikuwa amechoka, na namba ilikuwa nzuri, na kitu kizuri hakiulizwi kimetoka wapi.

Rkia alikimbia na ndala za Hniya, moja nyekundu na moja ya buluu. Dengu zilikuwa mezani, mkate haujamegwa. Aliita. Akapanda ngazi za darini akijivuta kwa ukuta.

Ibtisam alikuwa ameketi chini kati ya mablanketi yaliyoanikwa, mgongo umeegemea ukuta wa ukingo, ule mfupi unaotazama barabarani. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alikuwa anatabasamu.

"Mama," alisema, ulimi mzito, "nani kaleta bahari huku juu?"

Rkia alimvuta kutoka ukingoni, akamlaza mapajani. Ghizlan alifika nyuma yake na bakuli la asali ya shebakia, alilolinyakua bila kufikiri. Rkia akampaka mtoto asali ndani ya mashavu kwa kidole, kidogo kidogo, akimwita jina lake kwa sauti ile ya kumwamsha kwenda shule. Ilichukua muda. Kisha Ibtisam alimeza mwenyewe, akafungua macho vizuri, akaanza kulia. Kilio chake kilikuwa kitamu masikioni kwa Rkia kuliko kitu chochote alichopata kusikia.

Alipokwisha kunywa maji ya machungwa na kula mkate, ndipo aliposema.

"Nilikuwa nimefunga. Wenzangu wote leo wanajaribu kabla ya Ramadhani. Insulini nilichoma kama kawaida ili usijue, na simu yangu nikaizima sauti."

"Daktari alikwambia nini?"

"Najua alichosema! Mungu kanisamehe, najua. Lakini wewe hukunisamehe, Mama. Ramadhani ya mwaka jana wageni wakija ulikuwa unanifungia mlango wa jikoni nile humo, kama paka aliyeiba nyama. Nikadhani nikiweza, utafurahi."

Rkia alikuwa amefunga mlango ule ili watu wasimseme mtoto. Hakuwahi kufikiria mlango wenyewe ulikuwa unasema nini.

Ghizlan alikuwa ameketi juu ya ngazi, simu sikioni, anaongea na mkubwa wake Rabat. Ofisi ilikuwa imefungwa, hakuna aliyekuwa anaangalia. Aliporudi alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Kila namba inabandikwa saa kabla ya kuingia mferejini, na wao walikuwa wanabandika saa ya watu, ile ya ukutani, wakati mfereji unahesabu saa yake isiyogeuzwa. Alfajiri Moroko iliporudisha saa nyuma, namba za wagonjwa wote zikaonekana zimechelewa saa nzima. Mfereji ukafanya ulichoambiwa. Ukazitupa. Na simu za akina mama wote zikashika namba ya mwisho.

"Sisi tunaogeuza saa kila mwaka ndio tuliosahau," alisema. "Wale wa mbali wangejuaje? Na niliyeharakisha ni mimi. Nimekizima kichujio, Mama. Tumewapigia wengine wote. Wako salama, wengi hawakujua hata kama kulikuwa na kitu." Aliiweka simu chini. "Ulisema unataka utulivu."

"Nilisema. Na nilipewa." Rkia alimshika mkono uliokauka unga. "Sikulaumu, mwanangu. Lakini siku nyingine mkiletewa kitu kipya, usije ukaniambia kinaleta nini tu. Niambie na kinatupa nini."

Ninyi wenye watoto, lichukueni hilo mwende nalo. Simu na iwepo, mimi siikatai, imeokoa wengi. Ila namba ikikuridhisha mno, inuka ukamtazame mtoto.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, mchana, Rkia alitandika kitambaa cha wageni sebuleni. Akaweka yai, zeituni, mkate wa moto na glasi ya maziwa. Mapazia aliyaacha wazi, na dirisha lilikuwa la chini, linaloonwa na kila apitaye.

Ibtisam alisimama mlangoni. "Watu wataona."

"Waone. Kaa."

Mtoto aliketi, akamega mkate taratibu, macho dirishani. Lalla Hniya alipita na kapu lake, akaona, akapunguza mwendo. Rkia alimwinulia mkono kumsalimu, na Hniya, baada ya kusita, akainua wake, akaendelea na safari.

"Na wewe unakaa hapo kufanya nini?" Ibtisam aliuliza, mdomo umejaa. "Huoni njaa ukiniangalia?"

"Naiona sana," alisema Rkia, na akamsogezea zeituni.