Nani Kamdhamini Nani

Jina lake lilikuwa la nne kutoka juu.

Eunice alikuwa amekwenda ofisi ya kata kufuata barua ya utambulisho ya timu yake, ili wakifika Mwanza wasije wakaulizwa wao ni akina nani. Mtendaji alikuwa na wageni ndani. Eunice akasimama nje mbele ya ubao wa matangazo, akawa anasoma kila kitu kama wanavyofanya watu wanaosubiri: chanjo ya mbwa, mgawo wa maji, onyo kwamba kiwanja fulani hakiuzwi. Halafu karatasi mpya, gundi bado mbichi. Fomu ya mgombea udiwani, Stanslaus Maige, na picha yake amevaa tai. Chini ya picha, kwa herufi kubwa: WADHAMINI WA MGOMBEA.

Namba nne, Eunice Yakobo. Namba ya kadi yake ya mpiga kura. Na sahihi yake mwenyewe, ile yenye mkia aliyoanza kuitumia darasa la saba. Namba tano, Felisian, dereva bodaboda wa pale pale mtaani Nyasho, mwenzake kwenye timu. Namba sita, shangazi yake Felisian, mama wa kanisani ambaye tangu azaliwe hajashika karata. Majina kumi, na yote aliyaleta Eunice kwa mkono wake.

Alisoma mara tatu. Hakuwa amemdhamini mtu. Yeye ndiye aliyedhaminiwa! Si ndivyo alivyoambiwa?

Shupaza wa Mara ni timu ya karata. Cheka, ukimaliza tuendelee. Ni karata za kwenye simu, zenye ligi ya nchi nzima: watu watano wanakutana na watano wa mji mwingine, kila mmoja na meza yake, na timu inayochukua meza tatu imeshinda. Timu nne za juu zinakwenda Mwanza, na huko wenye mchezo wanawalipa wachezaji mshahara wa mwaka mzima. Eunice alikuwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake kukaa kwenye kibanda cha mtu akitoa na kupokea pesa za watu wengine. Kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na kitu anachokijua kuliko mtu yeyote aliyepita mbele ya kile kibanda.

Miezi ishirini walijiendesha wenyewe. Aliyepata kitu leo anamrushia bando asiyepata. Mara moja kwa mwezi walikutana Bunda kwa kuwa iko katikati: Eunice na Felisian wakitoka Musoma, Mwalimu Debora akitoka Butiama anakofundisha kwa kujitolea, Samwel akitoka Kisorya, na mwenyeji wao Abraham, fundi simu wa pale Bunda. Samwel, ambaye wote walimwita Baba Kulwa kwa ajili ya watoto wake pacha, alikuwa na miaka arobaini na minne na alipima dagaa ufukweni. Ndiye aliyewafundisha kuhesabu karata zilizokwisha kutoka, hadi ukajua mwenzako ameshika nini kabla hajajua mwenyewe.

Kisha akaja Maige, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na simu mpya, bando la mwezi, na ahadi ya jezi na nauli ya Mwanza. Alikuwa na masharti mawili madogo. La kwanza, mpwa wake Gody aingie kwenye watano. "Kwenye picha nataka vijana," alisema. "Huyu wa Kisorya ni mzee wa nini?" La pili, kuna fomu ya udhamini, ijazwe na watu kumi wenye kadi za kupigia kura, wote wa kata hii. Wa Bunda na Butiama wasisumbuke. Hao kumi wataitwa wachezaji wa akiba, na kadi ni kwa ajili ya utambulisho tu.

Eunice akamtoa Baba Kulwa. Akatafuta kumi.

Na hapo ndipo hasira ilipomchoma zaidi, maana si kwamba alikuwa hajui. Akiwa na miaka kumi na minne aliona timu ya mpira ya mtaani ikiletewa jezi mwezi mmoja kabla ya kura. Zilichuja zilipofuliwa mara ya kwanza, na timu ikachuja nazo. Miaka mitano baadaye alikuwa yeye mwenyewe kwenye netiboli, wakaletewa mpira mmoja na hotuba mbili. Uchaguzi uliofuata ilikuwa zamu ya kwaya kupewa spika. Mfadhili aliposhindwa, watu wake walikuja na gari kuichukua, waimbaji wakiwa katikati ya mazoezi. Timu zetu zinaibuka kwa msimu kama kumbikumbi, zinaruka jioni moja, asubuhi unafagia mabawa. Eunice aliyaona yote hayo kwa macho yake. Tena ndiye aliyekuwa akiwasimulia wenzake. Lakini karata za kwenye simu? Alidhani wagombea hawajafika huko.

Kiswahili chetu nacho kina lawama yake. Anayekununulia jezi ni mdhamini. Anayekutoa polisi ni mdhamini. Anayesaini ili mtu agombee naye ni mdhamini. Neno moja linafanya kazi tatu, na mwenye kalamu ndiye anayechagua ni ipi, wewe ukiwa umeshasaini.

Mtendaji alipomaliza na wageni wake, Eunice hakuomba barua. Alimwonyesha ubao.

"Sahihi ni yako?" mtendaji aliuliza.

"Ni yangu. Lakini..."

"Na hizi tisa, waliweka wenyewe?"

"Waliweka wenyewe. Walidhani ni ya karata."

"Basi sahihi ni sahihi, dada yangu." Hakusema kwa ubaya. Alionekana kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo siku hiyo. "Mdhamini akishasaini amesaini. Siku nyingine someni."

Eunice alikwenda moja kwa moja hadi dukani kwa Maige, mtaa wa Kigera, jua la saa saba kichwani. Mafundi wawili walikuwa wanasubiri saruji.

"Kapteni wangu!" Maige alifungua mikono. "Jezi zimefika. Jumamosi nazindua kampeni, mechi yenu tunairusha kwenye skrini kubwa uwanjani. Mtaa mzima utawaona."

"Mheshimiwa, ile fomu uliyotusainisha. Ulisema ya udhamini."

"Na ni ya udhamini. Pale juu pameandikwa nini? Wewe si una kidato cha nne?"

"Sisi tulijua wewe ndiye unatudhamini."

"Nawadhamini. Na nyie mmenidhamini. Ngoma droo." Akacheka. Mafundi nao wakacheka, kicheko cha watu wanaotaka kukopeshwa.

"Kwa hiyo kwako timu ni ya nini?"

"Eunice, unaongeaga kama hukuzaliwa hapa. Timu ni watu. Mimi natafuta watu. Kungekuwa na kilabu cha pombe chenye watu wengi kuliko nyie, ningedhamini kilabu." Akashusha sauti, kwa upole wa kumwonea huruma. "Mama, unataka Mwanza au hutaki? Jumamosi shinda tu. Mengine yaache kama yalivyo."

Shinda tu. Wakiwa na Gody? Gody alikuwa galasa, karata ile ambayo hata ukiitupa hakuna anayeinama kuiokota. Mechi mbili alizocheza alipoteza meza zote mbili, moja akiwa anajipiga picha. Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, anayeshinda ndiye anayekwenda Mwanza, na dhidi ya timu ya Shinyanga mtu mmoja wa kutupa alitosha kuwazamisha. Eunice alilijua hilo tangu siku aliyomwandika.

Jioni hiyo Felisian alipiga honi nje ya kibanda. Alikuwa ameshaambiwa na shangazi yake, na shangazi hakuwa amemwambia kwa upole.

"Tugome," alisema. "Asikute mtu uwanjani, aonyeshe picha zake mwenyewe."

"Tukigoma tunapoteza mechi na yeye anabaki na fomu. Nataka Baba Kulwa arudi."

"Mpigie basi."

"Nimempigia mara nne."

"Mura, huyo hapokei." Felisian aliwaita wote mura, yaani kijana, hata wanawake. "Huyo lazima umfuate."

Eunice alifika Kisorya kesho yake kabla ya saa tano. Baba Kulwa alikuwa kwenye vichanja vya dagaa, daftari kwapani, ndoo ya kupimia miguuni. Akina mama saba walikuwa wanageuza dagaa. Alimwona Eunice tangu mbali na akaendelea kupima.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba. Uliniandikia maneno sita." Hakuinua macho. "Nimeyahesabu. 'Baba Kulwa pumzika kidogo, mdhamini kasema.' Miezi ishirini, maneno sita."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Sema kwa sauti. Hawa mama walikuwa wananichangia bando. Mama Susana pale alikuwa anatoa mia tano kila wiki, na simu yenyewe hana. Waambie walikuwa wanachangia nini."

Mikono kwenye vichanja ikasimama. Eunice akawageukia.

"Nilimtoa," alisema, "kwa sababu ya bando na simu na nauli. Nilimweka mtu ambaye nilijua hawezi. Kumbe na sisi tulikuwa tunahesabiwa kura."

"Eh!" alisema Mama Susana. "Na mia tano zangu zikapigiwa kura!"

Wakacheka, wote isipokuwa Baba Kulwa.

"Nilikufundisha kuhesabu karata," alisema, "ukaenda kumhesabia mtu watu. Sasa nijibu moja. Umekuja kwa sababu umedanganywa. Usingedanganywa, ungekuja?"

Alitaka kusema ndiyo. Ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Nisingekuja."

Baba Kulwa alimwaga ndoo, akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga.

"Nitacheza kwa ajili ya Debora na Abraham. Hao hawajaniandikia kitu. Simu ni hii hii yangu iliyopasuka, bando nanunua mwenyewe. Kama huyo bwana ananunua hewa ya huko, ya huku asiiguse."

Jumamosi saa tisa uwanja ulijaa. Ilikuwa jenereta, muziki, na skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Eunice, Felisian na Gody walikaa jukwaani na jezi zao mpya. Debora alikuwa Butiama, Abraham Bunda, kila mmoja na simu yake. Kwenye mchezo ule kapteni peke yake ndiye anayepanga majina. Eunice aliyapanga zikiwa zimebaki dakika mbili.

"Da Eunice," Gody alinong'ona, akigonga simu yake kwa kidole, "mbona sijioni?"

"Upo akiba."

"Mjomba anajua?"

"Mjomba wako anaijua karata?"

Debora alimaliza wa kwanza, akashinda. Abraham akapoteza. Felisian akapoteza pia, akatukana kwa lugha ya kwao, na spika ikaipeleka sauti yake hadi barabarani. Eunice alishinda. Mbili kwa mbili. Ikabaki meza moja, na skrini ikaikuza, karata tupu bila majina. Yule wa Shinyanga alicheza haraka, kila karata kama anapiga kofi. Yule wa upande huu alikawia. Kila zamu alikawia hadi sekunde za mwisho, watu wakaanza kupiga kelele cheza wewe, umelala? Eunice alijua hajalala. Alikuwa anahesabu. Akamwachia wa Shinyanga mizunguko miwili mfululizo, uwanja ukaguna kwa uchungu, kisha akalaza nne ya shupaza, karata ndogo ya kudharauliwa, na Shinyanga hakuwa amebaki na shupaza hata moja ya kuipiga.

Uwanja ulilipuka. Felisian alimbeba Eunice juu juu. Watu wasiojua karata walikumbatiana na watu wasiowajua.

Na kabla kelele hazijashuka, skrini ikabadilika. Meza ikatoweka, ikaja picha ya Maige na tai yake, na Maige mwenyewe akawa jukwaani na kipaza sauti.

"Vijana wangu!" alipaza. "Mnaona? Nilisema, nimetenda! Mwanza twendeni! Huyu kijana aliyemaliza kazi, kijana wa kata hii hii, mmoja wa wadhamini wangu, amewaonyesha..."

"Mtaje," alisema Eunice.

Hakuwa na kipaza sauti, lakini alikuwa karibu, na sauti yake ilinaswa na cha Maige.

"Kapteni anafurahi," Maige aliwaambia watu.

"Mtaje jina. Aliyeshinda meza ya mwisho. Timu ni yako, mtaje."

"Gody!" Maige alisema kwa furaha, akageuka. Gody alikuwa anatazama viatu vyake. Akatikisa kichwa, kidogo sana, lakini walioko mbele waliona, na mguno ukaanza kwao ukarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa shule.

"Si Gody," mtu alipayuka. "Gody alikuwa anakula karanga!"

"Mtaje, mheshimiwa!" Sasa haikuwa tena sauti ya mtu mmoja. Shangazi yake Felisian alikuwa amesimama juu ya kiti na kilemba chake cha kanisani. "Mimi ni mdhamini wako, nimesaini, nataka kujua! Mtaje!"

Maige alitazama skrini. Ilimrudishia uso wake mwenyewe. Alimtazama mpambe wake, mpambe akatazama jenereta. Kisha akakumbuka kwamba jezi za timu huandikwa majina mgongoni, akamshika Felisian bega, akamgeuza.

Mgongoni palikuwa pameandikwa MAIGE.