Fimbo ya Mti wa Kahawa

Mbwa hakubweka, na hilo ndilo lililomtisha Ciakuthii kwanza. Alikuwa ameketi peke yake nyuma ya jiko, mguu wa kulia ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi, na alipoinua macho alimwona mwanamke asiyemjua amesimama kati ya mistari ya kahawa. Mwanamke huyo hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama mguu.

"Muga," alisema mgeni, akimsalimu kwa lafudhi ya watu wa Embu. "Mbwa wenu ni mpole sana."

Ciakuthii aliutoa mguu majini upesi, akaufunika kwa leso. "Mama hayuko. Amepeleka kahawa kiwandani."

"Simtafuti mama. Nakutafuta wewe. Tangu asubuhi nauliza, 'Yule msichana anayekimbia anaishi wapi?' Watu wananijibu, 'Nani, yule aliyeponywa?'"

Ciakuthii aliikaza leso juu ya mguu. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Niko kwa anti yangu hapa chini, karibu na soko la Githongo. Jana nilimsindikiza kiwandani. Nikakuona umebeba gunia lako, unatembea vizuri kabisa mbele ya watu. Halafu ukaenda nyuma ya stoo. Ukashika ukuta, ukalia. Naitwa Wambeti. Kazi yangu ni hiyo miguu. Ninatibu wachezaji, kule Embu."

Ciakuthii alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu ameona. Siku zote hizi alikuwa amejificha hata mbele ya mama yake mzazi, na sasa mgeni tu, mtu wa kupita, alikuwa ameiona siri yake mchana kweupe.

Maumivu yalianza msimu wa kahawa ulipopamba moto. Kahawa iliyochumwa leo lazima ifike kiwandani leo, na kiwanda kiko chini mtoni, mwisho wa mteremko unaokata pumzi. Ciakuthii aliona hayo kuwa mazoezi ya bure. Aliteremka mbio na gunia mgongoni, ukanda wa kubebea ukimkaza kipajini, kisha akapandisha kilima mbio bila mzigo, miguuni amevaa raba za shule zilizoisha soli. Siku moja kitu kikaanza kumchoma mbele ya mguu, chini ya goti. Hakujali. Kikazidi.

Mama yake, Gatakaa, alihangaika kila upande. Alinunua dukani mafuta ya kukamulia ng'ombe, kwa kuwa kila mtu Githongo hujipaka hayo akiumia. Akampeleka kwa Mzee Mbaabu, mkandaji, naye akaukanda mguu hadi Ciakuthii akauma kitambaa. Kwenye duka la dawa walipewa vidonge. Mtu mmoja sokoni aliwaambia yuko daktari wa wachezaji, lakini Nairobi, na hata jina lake hakulijua. Basi wakaenda kanisani. Pasta Kathuri alimwekea mikono, waumini wakalia na kuomba, na saa ile maumivu yakatoweka. Yalitoweka kweli. Ciakuthii aliruka mbele ya madhabahu, akashika maikrofoni, akashuhudia kwamba amepona. Akina mama walipiga vigelegele hadi mabati yakaitikia.

Jioni maumivu yakarudi.

Angemwambia nani? Tangu siku hiyo kanisa zima lilikuwa likijiandaa kwenda uwanja wa Kinoru Jumamosi ya wiki ijayo, kumwona akikimbia mbele ya makocha wa kambi ya riadha waliokuwa wakichagua wasichana. Akina mama walikuwa wameshona vitenge vya sare.

"Naweza kuuona?" Wambeti aliuliza, akichuchumaa.

"Umepona."

"Haya. Basi nione ulivyopona."

Sauti yake haikuwa na dhihaka hata kidogo, na labda ndiyo sababu Ciakuthii aliiondoa leso. Wambeti alipapasa misuli polepole, akamwuliza kama anaumwa usiku akiwa amelala. Ciakuthii aliitikia kwa kichwa. Kisha kidole kimoja kikashuka juu ya mfupa, taratibu, kikasimama mahali padogo kama kifungo cha shati.

Ciakuthii alipiga yowe.

Wakati huohuo lango lililia, na Gatakaa akaingia mbio, gunia tupu begani. "Ni nini? Wewe ni nani? Unamfanya nini mtoto wangu?"

Wambeti alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akajieleza. Alisema anahofia mfupa umeanza kuingia ufa mwembamba. Gatakaa alimsikiliza huku macho yakizidi kuwa makali.

"Mtoto huyu aliombewa. Nilikuwa pale. Nilimwona akiruka! Wewe umetoka huko Embu kuja kuivunja imani ya watu?"

"Mama Ciakuthii, hata mimi naimba kwaya. Sijaja kushindana na maombi. Njoo. Weka kidole chako mwenyewe, hapa. Pole pole tu."

Gatakaa alipiga magoti, akaweka kidole. Alimtazama binti yake usoni akibonyeza kidogo, kama mtu anayejaribu uji kama umepoa. Ciakuthii aliuma midomo. Alitaka kunyamaza, alitaka sana, lakini machozi yalimsaliti.

"Tangu lini?" mama yake alinong'ona.

"Hayakuisha, mama. Yaliisha kidogo tu, halafu yakarudi jioni ile."

Gatakaa aliketi chini palepale kwenye vumbi. Alipoongea tena, hasira ilikuwa imemtoka na woga umeingia mahali pake. "Akikimbia Jumamosi?"

"Unaweza kukatika," Wambeti alisema. "Sisemi lazima ukatike. Lakini nimewahi kuona msichana akianguka katikati ya uwanja, na mlio niliousikia sitaki kuusikia tena."

Ciakuthii aliuwazia mfupa wake kama bua la mahindi mwisho wa kiangazi. Akamwaza Mithika, jirani yao aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi, ambaye hadi leo hutembea kwa fimbo, na watoto humfuata nyuma wakimwigiza.

"Nitakimbia tena?" aliuliza.

"Ukinisikiza, ndiyo. Kesho mwende Meru mjini mguu upigwe picha ya eksirei. Usikandwe na mtu. Usibebe gunia. Mimi huja kwa anti yangu kila mara, nitakuwa nakupitia. Tutaanza na kutembea, halafu tutaona." Alichukua panga lililokuwa ukutani, akaenda kwenye rundo la matawi ya kahawa yaliyopogolewa, akachagua moja lililonyooka. Alilichonga, akalipima hadi kwenye kifundo cha mkono wa Ciakuthii. "Lakini niahidi kitu kimoja. Mguu huu usiukanyagie bila fimbo hadi nikuambie. Popote. Mbele ya mtu yeyote."

"Hata kanisani?"

"Hapo ndipo ninapokuogopea zaidi," Wambeti alisema. "Ndiyo. Hata kanisani."

Ciakuthii aliitazama fimbo. Ilinukia mti mbichi. "Naahidi," alisema, kwa sauti ndogo mno hata mama yake akageuka kuhakikisha amesikia.

Picha ya Meru ilionyesha mstari mwembamba kama unywele, palepale kidole kilipokuwa. Daktari aliuzungushia duara kwa kalamu. Njiani kurudi, Gatakaa aliibeba ile bahasha kubwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Tutamwambia Pasta polepole," alisema. "Baada ya ibada. Sisi wawili na yeye tu."

Lakini Jumapili Pasta Kathuri hakungoja baada ya ibada. Walikuwa wamechelewa, wameketi benchi la mwisho, na Ciakuthii alikuwa ameisukuma fimbo chini ya miguu. Mbele, akina mama wa kwaya walikuwa tayari wamevaa vile vitenge vipya.

"Bwana asifiwe!" Pasta alisema.

"Amina!"

"Jumamosi tunaenda wapi?"

"Kinoru!"

"Tunamfuata nani?"

"Ciakuthii!" Kanisa lilicheka kwa furaha. Kuna aliyepiga ngoma.

"Mwanangu, njoo hapa mbele tukuombee. Njoo uwaonyeshe Bwana alivyotenda."

Vichwa vyote viligeuka. Ciakuthii aliinama kuichukua fimbo, akakuta mguu wa mama yake umeikanyaga.

"Iache," Gatakaa alinong'ona bila kumtazama. "Ni hatua chache tu, mwanangu. Nitakushika mkono. Watasema ulimdanganya Mungu. Watasema mimi ndiye niliyekufundisha."

Na kweli zilikuwa hatua chache. Angeweza. Alikuwa amezoea kutembea mbele yao meno yakiwa yamekazwa. Angefika mbele, wangemwombea, na nyuso zile nzuri zingebaki hivyo, na Jumamosi ingekuwa bado ya kwake. Aliziangalia, moja baada ya nyingine, na hakuwahi kuogopa watu wanaompenda kama alivyowaogopa saa ile.

"Mama," alisema. "Niliahidi."

Gatakaa alifumba macho. Kisha polepole mguu wake ukaondoka juu ya fimbo.

Ciakuthii alisimama. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo, lakini fimbo ilipogonga sakafu ya saruji mara ya kwanza, mstari wa nyuma ukanyamaza. Ilipogonga mara ya pili, aliyepiga ngoma akasimamisha mikono hewani. Mtu alisema "Yesu!" kwa sauti ya chini. Pasta Kathuri aliishusha maikrofoni, tabasamu likimyeyuka usoni, na nafasi iliyokuwa kati yao ikawa ndefu kuliko mteremko wote wa kwenda kiwandani.

Hakuinua macho. Alisogeza fimbo, kisha mguu. Fimbo, kisha mguu.