Springi za Kiti cha Nyuma

Vijana wa mtaani walimwita Bwana Chini, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Gari lake lilikuwa limelala, kama wanavyosema wenye ugonjwa huo wa kushusha magari. Bampa la mbele lilikaribia kulamba lami, matairi yalijificha ndani kabisa, na kila tuta lilipandwa kwa ubavu, polepole, huku walio nyuma wakipiga honi na kumporomoshea matusi. Yeye anacheka tu. Mwanaume mzima mwenye ndevu zake, anacheka!

Gari hilohilo ndilo lililompeleka baba yake hospitali. Maradhi yalikuwa yameingia kwenye mifupa ya mgongo, na daktari alitaka mzee afike kila wiki kupigwa mionzi. Dada mkubwa, aliyekuwa akimuuguza, alikaa nyuma naye, kichwa cha mzee kikiwa mapajani mwake. Kabla hawajafika barabara kuu, mzee macho keshafumba. Bwana Chini akimwona kwenye kioo, kichwa kinamvimba.

"Mnasema gari langu linatesa watu," aliwatambia wenzake gereji. "Baba yangu akipanda tu, usingizi huo!"

Basi wiki moja mzee akasema haendi. Akageukia ukutani, akavuta shuka. Dada akamfuata ndugu yake uani, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni gari," akasema. "Liinue."

"Liinuliwe vipi? Mbona analala humo kama mtoto?"

Dada alimkazia macho, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasonya na kurudi ndani.

Bwana Chini hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alimpenda baba yake, na jioni ileile alikuwa gereji. Fundi, jitu la maneno mengi lililojisifu kwamba hakuna springi duniani lisiyoijua, ndiye aliyelishusha gari lile kwa mkono wake.

"Nataka liwe laini," Bwana Chini akasema, "lakini libaki chini."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Bwana mdogo, unataka kulala na kusimama kwa mpigo mmoja? Sikiliza. Gari likishuka, springi haina nafasi ya kucheza. Ukiiweka laini, litagonga chini kila shimo. Kwa hiyo tunaikaza. Halafu gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, injini yote imekaa puani, ukiingia kona pua inakimbilia nje. Dawa yake nini? Kukaza nyuma zaidi ya mbele. Ndivyo ulivyotaka, ndivyo nilivyokufungia. Kona unakata vizuri, hukati?"

"Nakata."

"Ehe. Sasa nyuma anakaa nani?"

Bwana Chini akakitazama kiti cha nyuma.

Fundi akaelekeza kidole pembeni, chini ya meza, ambako springi na shokapu za gari lile, zile lililotoka nazo kiwandani, zilikuwa zimerundikwa zikila vumbi. "Hizo hapo. Nakufungia sasa hivi, kesho mzee anakaa kwenye godoro."

Hapo ndipo Bwana Chini alipokosea, na kosa lenyewe si kubwa la kutangazwa kwenye redio. Alizitazama zile springi ndefu akaliona gari lake limesimama juu kama kuku anayevuka dimbwi. Akawasikia vijana wakimcheka. Akauliza kama hakuna kitu kingine.

"Zipo springi za kuzungusha," fundi akasema, akikuna shingo. "Unapanda unavyotaka, unashuka unavyotaka, ugumu unarekebisha kwa kitufe cha kuzungusha. Lakini za gari lako mpaka ziagizwe. Na ukibaki chini, kitufe hakitakusaidia, nakwambia mapema."

"Agiza."

"Na mzee?"

"Mzee atasubiri kidogo. Si amesema mwenyewe hataki kwenda?"

Akangoja, wiki baada ya wiki. Mzigo ukakwama bandarini, ukakwamuliwa, ukaja na shokapu za upande mmoja tu, ukarudishwa. Nyumbani mzee akawa hainuki tena kwenda chooni peke yake. Dada akatafuta gari la kukodi. Wenye magari wakaja, wakamwona mzee anavyobebwa, wakaogopa kufiwa naye njiani, wakaondoka. Kila jioni dada aliuliza, "Tayari?" na kila jioni ndugu yake alisema bado kidogo. Hiyo bado kidogo ilimchosha dada kuliko kuuguza.

Zilipofika, Bwana Chini alizifunga, akalegeza kitufe mpaka mwisho, akaliacha gari palepale chini. Mzee alibembelezwa, akapakiwa. Walipotoka getini, gurudumu la nyuma likaingia kwenye kijishimo kidogo, cha kutoshtua hata yai. Chuma kikagonga chuma. Mzee akatoa sauti ambayo wanawe hawakuwahi kuisikia, na majirani wakachungulia.

Bwana Chini alizima gari akaketi, mikono kwenye usukani, machozi yakimtiririka bila aibu. Kisha akambeba baba yake mgongoni hadi kitandani, akaenda gereji akasema, "Fundi, nifungie zile za zamani. Usiniulize kitu." Na fundi, mdomo wote ule, hakuuliza.

Asubuhi iliyofuata gari lilisimama mlangoni, refu, la kawaida, kama la mwalimu wa hesabu. Vijana walilitazama, na hata mmoja hakucheka. Mzee akapakiwa. Wakavuka kile kishimo cha getini, wakavuka tuta la kwanza, la pili, wakaingia barabara kuu. Bwana Chini akatupa jicho kwenye kioo. Mzee alikuwa macho.

"Kumbe wamejenga daraja hapa?" mzee akasema, akinyoosha shingo dirishani. "Lini?"

"Lipo siku nyingi, Baba. Tulikuwa tukipita hapa kila wiki."

"Na hilo ghorofa la kijani?"

"Nalo pia." Alijibu akitabasamu, halafu tabasamu likamganda. Akamtafuta dada yake kwenye kioo. Dada alikuwa akitazama nje.

"Dada. Kumbe alikuwa halali usingizi?"

"Alikuwa anazimia kwa maumivu," dada akasema. "Kila safari. Alinilisha kiapo nisikwambie, akasema ukijua utaacha kumpeleka."

Mzee akaguna kidogo. "Mwache aendeshe," akasema.

Hospitali, daktari aliwaita ndugu hao wawili kando, ukumbini. Hakuwakaripia, na ingekuwa afadhali awakaripie. Alisema muda uliopita bila mionzi umewapa maradhi nafasi, sasa yamesambaa, yamefika kusikofikika. Hakuna tena cha kupiga. Wampeleke nyumbani, wampe dawa za maumivu, wakae naye. Dada aliinamisha kichwa. Bwana Chini aliuliza kama wangekuja wiki zile ingekuwaje. Daktari akasema hayo hayajulikani, akamshika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Walirudi polepole. Jua lilikuwa limepanda na barabara ilikuwa na watu wengi. Mzee alitazama kila kitu: maduka, watoto wa shule, mtu anayesukuma mkokoteni wa magodoro. Kwenye mashimo gari lilipanda na kushuka taratibu, na yeye akapanda na kushuka nalo bila kukunja uso.

"Gari zuri hili," akasema. "Leo nimekaa kama bwana harusi."

Dada akamrekebishia kola ya shati.

"Daktari amesema nirudi lini?"

Bwana Chini alibana usukani. Dada akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Maana mimi sikukataa kwa sababu nimechoka kuishi," mzee akaendelea. "Sikuiweza njia, basi. Sasa naiweza. Mwambieni hata kesho nakuja."