Kofia Aliyoifuata Mzee Dionisi

Hivi wewe umewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake na miwani yake, akisoma gazeti lile lile miaka nenda miaka rudi, kila jioni, na ukimuuliza anakwambia bado hajalimaliza?

Mimi ninaye. Ni Mzee Dionisi, jirani yangu hapa Ifakara, ukishapita migomba yangu tu umefika kwake. Gazeti lenyewe liko ukutani. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma na ndani sikuwahi kupiga lipu, kwa hiyo sebule nzima niliibandika magazeti kwa uji mzito wa muhogo, kuanzia sakafuni hadi pale mkono wangu ulipofika nikiwa nimesimama juu ya kinu nilichokipindua. Mengine yamekaa kichwa chini. Nilikuwa naziba ukuta, sikuwa napanga habari.

Basi jioni atapiga hodi, mlango ukiwa wazi. "Mama Faustin, naomba nisome kidogo." Namsogezea kigoda. Atakaa pale pale pa siku zote, karibu na dirisha, ataegemeza kichwa ukutani bila kuvua pama lake la kahawia, kofia pana yenye utepe, atasoma ukuta wa mbele yake, atakunywa chai ya mchaichai, atalalamikia ndege wanaokula mpunga, ataaga. Mimi mjane, yeye mgane, na watoto wetu wote wana watoto. Nilijua kuna neno limemkaa kooni, nikalisubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri. Hata maharage sijawahi kuyatia magadi ili yawahi.

Sasa mwaka huu mwanangu Faustin akapiga simu kutoka Morogoro. "Mama, nyumba gani hiyo imekuwa kama kifungashio cha karanga? Fundi Masalu anakuja kupiga lipu."

Saruji ikashushwa uani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini nilipokaa kuchambua mchele nikawaza: ukuta ukishapigwa lipu, Mzee Dionisi atakuja kusoma nini? Mtu aliyeshindwa kusema akiwa na kisingizio, atasema akiwa hana?

Nilimwambia jioni ile ile. "Aha," akasema. "Lipu. Ni jambo zuri, lipu." Akapeleka kikombe mdomoni, akameza. Kikombe kilikuwa kitupu.

Mjukuu wangu Agnella, ninayekaa naye, yuko darasa la sita. Mwalimu wao wa historia, Mwalimu Eveline, ana namna yake ya kufundisha. Anawaletea watoto vipande vya magazeti, barua za zamani, vyeti vya ubatizo, halafu hawaambii kitu. Anawaachia maswali matatu: Nani anasema? Alikuwepo? Alitaka nini? Agnella aliyaleta maswali hayo nyumbani kama mafua. Nikimwambia chumvi imeisha, ananikodolea macho: "Nani anasema, bibi? Ulikuwepo ilipoisha? Unataka nini?"

"Nataka uende dukani."

Ndiye aliyemsimulia mwalimu habari za ukuta wangu. Asubuhi ile ya fundi, Masalu akiwa nje anachanganya saruji na mchanga, nikasikia uwanja umejaa kelele. Darasa zima! Mwalimu Eveline mbele, chaki masikioni kama hereni.

"Shikamoo bibi. Tunaomba ukuta wako kabla haujafunikwa."

"Marahaba mwanangu. Ingieni, ila kinu changu msikipande."

Waliingia kama vifaranga. Huyu anasoma tangazo la sabuni kwa sauti ya padri, yule anasoma matokeo ya mpira na kushangilia goli lililofungwa kabla hajazaliwa. Lukelo, mtoto mmoja mtundu mwenye pengo, alisimama kwa mikono, miguu hewani, ili asome gazeti lililo kichwa chini. "Mwalimu! Huku chini kuna mbunge!"

Na katikati ya vurugu hiyo, hodi. Mzee Dionisi, na ilikuwa asubuhi. Amevaa shati la kanisani.

"Nimekuja kuyaaga," akasema. "Magazeti." Akaenda pale pale, akakaa, akaegemeza pama.

Mwalimu Eveline akapiga makofi. "Nataka habari moja ambayo tunaweza kumpata mtu aliyekuwepo."

"Ya kiboko!" Agnella akaruka. "Harusi ya kule kijijini Namawala! Bibi ndiye alikuwa mpishi mkuu, na Babu Dionisi alialikwa. Iko nyuma ya... Babu, shikamoo, naomba usogee."

"Marahaba. Mimi hapa nimeshakaa, mjukuu wangu. Someni ya sabuni."

"Babu, umeegemea ushahidi!"

Darasa likaangua kicheko. Mzee Dionisi akainuka taratibu, kama mtu anayehamishwa kwenye shamba lake. Pale alipozoea kuegemea palikuwa na doa la mafuta, duara kabisa, na chini ya doa, habari yenyewe, pamoja na picha. Nilikuwa naiona kila nikifagia.

Agnella akasoma kwa nguvu. Kiboko alitoka mtoni, akaingia kwenye turubai la harusi, waalikwa wakatawanyika, chakula chote kikamwagika...

"Hakikumwagika!" nikasema. Nilikuwa nimeusubiri wasaa huo kwa miaka.

Wote wakanigeukia, kalamu juu. "Nani anasema?"

"Mimi, Scolastica."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nyuma ya sufuria la pilau. Kiboko alipita na mapambo yote mgongoni, utepe mweupe, utepe wa waridi, utadhani ndiye bwana harusi. Watu wakakimbia. Mimi sikukimbia."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka pilau lisiungue! Mchele mpya wa Kilombero, jamani, uachwe kwa ajili ya kiboko?"

Mwalimu alikuwa amejishika tumbo kwa kucheka. "Na aliyeandika, alikuwepo?"

Lukelo akaisogelea picha hadi pua ikaugusa ukuta. "Alikuwepo, ila alikuwa juu. Tazama, vichwa vya watu vinaonekana kwa juu. Alipanda juu ya fuso, lile lori la spika!"

"Na ameandika hapa kwamba alikuwa anasaidia akina mama," Agnella akasema. Vicheko vikaanza upya. Masalu naye akachungulia mlangoni na mwiko wake. "Mama, lipu imeshachanganywa, itakauka."

"Subiri kidogo, fundi. Kiboko hajatoka."

Agnella akaendelea kusoma. "'Wakati wengine wakitoka, mzee mmoja alionekana akirudi mbio ndani ya turubai. Alipoulizwa, alisema amefuata kofia yake.'"

"Huyo ni mimi," Mzee Dionisi akasema upesi. "Ni kweli. Kofia. Haya, fundi anasubiri."

Hilo nalijua tangu siku ile. Nikiwa nimelikumbatia sufuria kwa vitenge, nilishikwa mkono, nikavutwa, pilau na mimi, hadi nyuma ya nyumba ya Bernadeta, mama wa bibi harusi. Nikamuuliza, Mzee Dionisi, umerudia nini huku? Akasema kofia. Nikaamini. Nilikuwa natazama kiboko.

Lakini Lukelo alikuwa bado na pua ukutani. "Mwalimu," akasema polepole, "huyu mzee anayerudi kwenye picha... mbona kofia anayo kichwani?"

Watoto wote wakarukia ukuta kwa pamoja. Nami nikaenda, nikawasogeza, nikavaa miwani. Miaka yote nikiitazama picha ile nilikuwa namtazama kiboko. Nani atazame mtu wakati kiboko yupo? Na pale pembeni, mdogo kama punje, mtu anakimbia kuelekea kwenye turubai, wenzake wote wamempa mgongo. Kichwani, pama. Na utepe wa pama ule ule.

Nikageuka. Pama lenyewe lilikuwa mbele yangu, na chini yake uso wa Mzee Dionisi umekuwa kama wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote anakaa pale na kuegemea pale.

"Nani anasema alifuata kofia?" Mwalimu Eveline akauliza, mpole kabisa.

"Babu Dionisi!" darasa likajibu.

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo!"

Swali la tatu hakuna aliyelianzisha. Lilitoka kwa wote, hata kwa Masalu mlangoni na mwiko wake unaodondosha saruji kwenye kizingiti changu: "Alitaka nini?"

Moyo wangu ulikuwa unaruka kichurachura, na umri huu! Nikaogopa atakimbia. Mlango ulikuwa wazi, na fundi aliyesimama hapo angempisha tu.

Hakukimbia. Akavua pama. Kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yangu upara wake ukang'aa.

"Yule mwandishi aliniuliza mbele za watu," akasema. "Ningesemaje? Nikasema kofia. Na nikishasema kofia, nitaanzia wapi kusema lingine?"

"Anzia hapa, babu," Lukelo akamwambia. "Sisi tunaandika."

Mzee Dionisi hakumtazama Lukelo. Alinitazama mimi, pama kifuani.

"Scolastica," akaniita. Si Mama Faustin. "Nilikufuata wewe. Na haya magazeti niliyamaliza zamani, hata ya kichwa chini nayajua. Ninachotaka tangu siku ile, ukuta upigwe lipu usipigwe, ni twende kwa padri tufunge ndoa, mimi na wewe. Na siku hiyo, tafadhali, pilau apike mtu mwingine."