Mutumbwi wa Zamu

Nisikilizeni, lakini musiniambie nilikosa. Ule mutumbwi ulipasuka kwa ajili ya Sharifa, muke mwenzangu, na hata leo sisemi vingine.

Hapa Kindu mutumbwi uliopandishwa ufukoni unamwagiwa maji asubuhi na jioni, la sivyo jua linaupasua. Mume wetu Hamadi alitupangia: mwenye zamu ya kulala naye, njo anaumwagia. Siku tatu zangu, siku tatu za Sharifa. Halafu Hamadi akaondoka na msafara wa pembe, ndani ya mitumbwi mikubwa ya tajiri wake. Bwana hayuko, zamu haiko. Mimi nikasema, niumwagie kwa nini, nami silali na muntu? Sharifa akasema vilevile. Miezi mine tukapita pale na mitungi imejaa, kila mumoja anatazama upande wake.

Siku habari ilipofika, ufa ulikuwa unaingia mukono. Hamadi alikuwa anahara damu kule chini, mto Lowa unapoingia katika mto wetu, na wenzake walimwacha kibandani, wakaendelea na safari. Wapiga kafi wetu wote walikuwa na msafara huohuo; wa kwenda kumuchukua tulibaki sisi wawili na ule mutumbwi.

“Umemuua!” nikamwambia Sharifa.

“Na mitungi yako, yaya, dada yangu mukubwa, ilikuwa na nini? Maziwa?”

Nikamrushia kata. Akaidaka, akachota maji nayo, akaanza kuumwagia mutumbwi.

Yeye ni mutoto wa Wagenia, watu wa mto, kwa hiyo kazi aliijua. Jambo hilo lilinichoma roho. Siku tano tulishinda pale. Yeye alitoboa kingo za ufa kwa chuma cha moto, mimi nikapitisha kamba na kuzivuta. Nikikaza, anasema, “Hizo si nywele zangu!” Nikilegeza, anacheka: “Ona mukono wa bibi mukubwa!” Magome ya kuziba yalipopungua, alikitazama kisutu nilichojifunga, kile cha arusi yangu. Nilikichana mwenyewe, na kila kipande nilimlaani nacho. Utomvu wa moto wa kupaka mushono ukaniunguza kidole. Akasema, “Pole,” na uso wake ulikuwa umefurahi kabisa, mushenzi yule.

Siku ya sita tukapakia mihogo mikavu, dawa ya mizizi na mukeka wa Hamadi. Tukaingia wote wawili. Mutumbwi ukazama mpaka karibu na ukingo, na maji yakaanza kupenya kwenye mushono.

“Shuka,” Sharifa akasema.

“Nishuke mimi? Muke mukubwa?”

“Unabeba watu wawili tu, yaya. Tukienda wote, Hamadi atalala wapi wakati wa kurudi? Na wewe kafi huijui.”

Nilitaka kumpiga. Lakini ilikuwa kweli, nikashuka, maji yakanifika magotini.

“Basi umulete,” nikapiga kelele. “Lakini aliondoka ndani ya zamu yangu, usiku mumoja ulikuwa umebaki! Akifika, analala kwangu kwanza. Umesikia? Kwangu!”

Sharifa, ambaye tangu aolewe hajaniachia hata neno moja, akainamisha kichwa, akashika kafi.

“Sawa, yaya. Kwako.”

Hakubisha. Njo pale nikakaa palepale majini na kulia, maana niliona hata yeye hakutumaini tena kumukuta hai.